Kadi Iliyochelewa: Ununue, Ungoje au Uachane Nayo?

Kila kampuni kubwa inapotangaza kadi mpya ya grafiki, mafundi wa kompyuta mjini Kakamega huulizwa swali lile lile: nichukue hii iliyo dukani ama ningoje ile inayokuja? Anayeuliza huenda ni mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Masinde Muliro anayechora majengo kwa ArchiCAD, au kijana wa video anayerekodi mazishi Ijumaa na harusi Jumamosi, au mwenye kijumba cha gemu kule Lurambi ambaye wateja wameanza kumkimbia kwa sababu picha zinakwamakwama. Wote wameona namba za kuvutia kwenye YouTube. Hakuna aliyewaambia kwamba namba hizo zilipimwa kwenye kompyuta isiyofanana hata kidogo na zao.

Ushauri wangu ni kuisahau tarehe ya uzinduzi. Kwako wewe, kadi inazinduliwa siku inaposhuka kutoka kwenye basi la Nairobi. Mshindani wake ni kitu chochote unachoweza kupata siku hiyo kwa pesa hizo hizo, kikaingia kwenye mashine uliyo nayo na kikafanya kazi. Ukipima hivyo, kadi iliyochelewa inaweza kukufaa kuliko zote, au ikawa hasara tupu, na haichukui muda mrefu kujua ni ipi.

Nitaanza na Intel, kwa sababu hakuna aliyechelewa hadharani kama yeye. Kampuni hii iliwahi kuingia soko la kadi za grafiki mwaka 1998 na i740, ikaiacha mwaka uliofuata. Ikajaribu tena na mradi ulioitwa Larrabee, ikaufuta kama bidhaa ya grafiki Desemba 2009 kabla mteja yeyote hajauona dukani. Agosti 2021 ikatangaza jina Arc, na kadi za kwanza zikatarajiwa mwanzoni mwa 2022. Wakati huo dunia nzima ilikuwa na njaa ya kadi. Wachimbaji wa Ethereum, sarafu ya kidijitali, walizinunua kwa makatoni, na bei ya dukani ilikuwa mbali kabisa na ile iliyotangazwa na kiwanda. Kampuni yoyote ambayo ingetokea na kitu chenye feni na tundu la HDMI ingeuza mpaka cha mwisho.

Intel haikutokea. Kadi ndogo, A380, ilianzia Uchina Juni 2022, na zile za maana, A750 na A770, zikafika madukani tarehe 12 Oktoba 2022. Chini ya mwezi mmoja kabla yake, tarehe 15 Septemba, Ethereum ilikuwa imeacha kabisa kuchimbwa kwa kadi za grafiki, na kadi zilizotumika zikamwagika sokoni. Kana kwamba hiyo haitoshi, siku ile ile ya 12 Oktoba NVIDIA ikaanza kuuza RTX 4090, kwa hiyo hata magazeti ya teknolojia yalikuwa yakitazama kwingine. A770, iliyoanzia dola 329, ililenga kushindana na RTX 3060, kadi ambayo ilikuwa sokoni tangu Februari 2021. Ilifika karamuni vyombo vinaoshwa.

Lakini kilichotokea baada ya hapo ndicho chenye faida kwa mnunuzi. Tatizo kubwa la Arc lilikuwa draiva, yaani programu inayoiwezesha kompyuta kuzungumza na kadi. Gemu za zamani zilizojengwa juu ya DirectX 9 zilisuasua vibaya. Intel ikaendelea kutoa draiva mpya, gemu hizo zikapata kasi ambayo haikuwepo siku ya kwanza, na mapema 2023 bei ya A750 ikashushwa kutoka dola 289 hadi 249. Aliyenunua Oktoba na aliyenunua Machi walipata chuma kile kile, ila wa pili alilipa kidogo na akapata kadi inayofanya kazi. Kadi iliyokwama kwa sababu ya programu huwa bora kadiri unavyoiacha ikae dukani. Wa kwanza kununua ndiye anayefanya kazi ya majaribio, tena kwa pesa zake mwenyewe.

Kuna kuchelewa kwa aina nyingine ambako muda hauponyi. AMD ilileta RX Vega 64 tarehe 14 Agosti 2017 kwa dola 499, ikikabiliana na GTX 1080 iliyokuwa sokoni tangu Mei 2016. Kwa kasi zilikaribiana. Kwa umeme, Vega ilikula wati 295 na mwenzake 180. NVIDIA nayo iliwahi kuonja hayo na GTX 480 ya Machi 2010, iliyotoka nusu mwaka baada ya Radeon HD 5870 na ikajulikana kwa joto kuliko kwa kitu kingine. Mara nyingi chipu iliyochelewa husukumwa hadi ukingoni ili imfikie aliyetangulia, na anayelipia msukumo huo ni mwenye mita. Piga hesabu: tofauti ya wati 115, saa tano kwa siku, siku 30, ni uniti 17 na kitu. Kama tokeni zako zinakutoka kwa shilingi 28 kwa uniti, hiyo ni karibu shilingi 480 kila mwezi, karibu 5,800 kwa mwaka. Kwa mwenye kijumba cha gemu chenye mashine nne hilo si jambo la kupuuza, na hakuna draiva itakayokuja kulifuta.

Na kuna kuchelewa kwa hesabu za kibiashara. Mwanzoni mwa 2025 kadi za RX 9070 zilikuwa tayari zimefika kwa wauzaji wa Ulaya na Marekani, lakini AMD ikazizuia mpaka 6 Machi, siku moja baada ya NVIDIA kutoa RTX 5070. Kufikia hapo AMD ilikuwa imeshaona bei ya mpinzani, ikaitoa RX 9070 XT kwa dola 599 wakati RTX 5070 Ti ilitangazwa kwa 749. Kuchelewa huko kulimfaa mnunuzi, ingawa shehena ya kwanza ilipokwisha bei za madukani zilipanda juu ya hizo. Kwa hiyo unaposikia kadi fulani imesogezwa mbele, uliza imekwama wapi. Ikiwa ni programu, ngoja hata ikishatoka. Ikiwa ni chuma chenyewe, tazama wati kabla ya kutazama kasi. Ikiwa ni bei inapigiwa mahesabu, huna cha kupoteza kwa kusubiri wiki chache.

Sasa bei, ambayo ndiyo huleta ugomvi mwingi dukani. Mtu anasoma kwamba Arc B580 ni dola 249, anazidisha kwa 129, anapata shilingi 32,121, halafu anaenda mjini na kukuta bei iliyo juu kabisa ya hapo. Anatoka akisema ameibiwa. Hajaibiwa, angalau si kwa kiasi anachodhani. Bei ya Marekani hutangazwa bila kodi. Huku kuna VAT ya asilimia 16, ambayo peke yake inaipeleka ile 32,121 hadi karibu 37,300, kisha ada ya tamko la uagizaji, tozo ya reli, nauli ya ndege au meli, faida ya aliyeagiza Nairobi na faida ya aliyekuletea Kakamega. Kwa kadi ambayo haitembei sana kuna gharama nyingine: mwenye duka anajua huenda ikakaa kwenye rafu miezi sita, na anaweka bei ya kukaa huko. Ndiyo maana kadi iliyoshinda kwa bei kule kwao inaweza kushindwa hapa na kadi ya NVIDIA iliyo ghali zaidi kwa dola, kwa sababu ya NVIDIA huagizwa nyingi na kuuzwa haraka. Kampuni ya utafiti ya Jon Peddie ilikadiria kwamba katika robo ya pili ya 2025 NVIDIA ilichukua asilimia 94 ya kadi za grafiki zilizosafirishwa duniani. Ukitembea madukani, kuanzia stendi hadi Muliro Gardens, huhitaji mtafiti kukuambia hivyo. Uliza kama kuna Arc uone utakavyotazamwa.

Kabla ya kulinganisha bei, hata hivyo, fungua kompyuta yako. Hapa ndipo wengi hupotezea pesa, na hapa nitakaa kidogo.

Sehemu kubwa ya kompyuta za mezani zinazouzwa mjini ni zile za ex-UK: HP EliteDesk, Dell OptiPlex, Lenovo ThinkCentre, zilizostaafu katika ofisi za Ulaya zikasafishwa na kuletwa huku. Ni mashine ngumu, na kwa bei yake sioni kompyuta mpya inayozishinda. Lakini zilitengenezwa kwa ajili ya karani wa benki, wala si kwa ajili ya kadi yenye feni tatu. Zima mashine, chomoa waya ukutani, vuta kishikio cha kifuniko cha pembeni. Ndani kuna kisanduku cha chuma ambamo waya wa ukutani huingia, ndiyo pawa saplai. Kina kibandiko. Tafuta namba yenye herufi W: kwa zile nyembamba utakuta 180, 240 au karibu na hapo. Kisha fuata nyaya zinazotoka humo kwa kidole. Kadi kubwa inataka plagi yake ya umeme yenye pini 6 au 8, na katika mashine hizi nyembamba kwa kawaida plagi hiyo haipo. Usijifariji kwamba utabadilisha pawa saplai, kwa maana Dell na HP waliacha ile plagi ya kawaida ya pini 24 katika mashine nyingi za aina hii wakaweka za kwao. Utahitaji adapta, halafu boksi lingine kwa sababu pawa saplai ya kawaida haiingii kwenye nafasi ile, na ukifika hapo umeshaanza kujenga kompyuta nyingine bila kupanga.

Bila plagi ya ziada, kadi yako itaishi kwa umeme wa sloti pekee, ambao kwa kanuni ya PCI Express hauzidi wati 75. Baadhi ya mashine za ofisi zimewekewa kiwango cha chini zaidi na mtengenezaji, kwa hiyo tafuta kijitabu cha modeli yako hasa. Chukua na rula. Kadi ya kawaida ina kibati cha nyuma chenye urefu wa sentimita 12, na mashine nyembamba inapokea kile kifupi cha takriban sentimita 8. Angalia pia kama kuna kitu kimekaa pembeni mwa sloti, maana kadi nyingi fupi ni nene na hula nafasi ya sloti mbili. Muuzaji akikujibu "itaingia tu" bila kuuliza modeli ya kompyuta yako, mshukuru na uondoke.

Kwa mashine hizo, orodha ya kadi zinazofaa ni fupi, na ndani yake mna mitego. GT 1030 hula wati 30 na huingia karibu popote, lakini iliuzwa kwa jina moja na kumbukumbu za aina mbili, GDDR5 na DDR4, na hiyo ya pili ni dhaifu mno. Soma boksi. Isitoshe, ni ya ukoo wa Pascal pamoja na GTX 1050 Ti na 1060, ambao NVIDIA iliuondoa kwenye draiva za kawaida za gemu baada ya Oktoba 2025 na kuuachia marekebisho ya usalama tu. RX 6400 ya AMD hula wati 53 na ina umbo fupi, lakini imeunganishwa kwa njia nne tu za PCI Express. Kwenye mashine mpya za kizazi cha nne cha PCI Express inapumua. Kwenye ex-UK yako ya kizazi cha tatu inapata nusu ya upana huo. Halafu haina kabisa kile kipande kinachofunga video (encoder). Kijana wa harusi akiinunua ili video zake zitoke haraka, atangoja vile vile alivyokuwa akingoja. GTX 1650 fupi ni chaguo la heshima. Ningekuwa na pesa kidogo zaidi ningechukua RTX 3050 ya GB 6, iliyotoka Februari 2024, wati 70, haihitaji plagi, na ipo ya umbo fupi. Si kadi ya kusisimua, nayo ilichelewa sana kuja, lakini kwenye EliteDesk nyembamba haina mpinzani wa maana.

Na Arc je? Hapa ndipo kadi iliyochelewa hukutana uso kwa uso na kompyuta iliyozeeka. Kadi za Arc zinategemea kitu kinachoitwa Resizable BAR, kinachoiruhusu prosesa kuiona kumbukumbu yote ya kadi kwa mara moja badala ya kuichungulia kupitia dirisha la MB 256. Intel yenyewe inataka prosesa ya Core ya kizazi cha 10 kwenda juu, au Ryzen 3000 kwenda juu. OptiPlex nyingi tunazouziwa ni za kizazi cha 4, cha 6, zikiwa mpya mpya ni cha 8. Ukiichomeka Arc humo itawaka, picha itaonekana, na utajiuliza kwa nini gemu zinashtukashtuka. B580 iliyotoka 13 Desemba 2024 ilisifiwa kwa haki: GB 12 za kumbukumbu kwa dola 249, wakati RTX 4060 ilikuwa na GB 8 kwa 299. Lakini sifa zile zilitokana na prosesa za bei ghali. Januari 2025 wapimaji walipoijaribu na prosesa za zamani, ikapoteza sehemu kubwa ya ubora wake. Yaani kadi ya mtu mwenye bajeti ndogo iligeuka kutaka prosesa ya mtu mwenye bajeti kubwa. Tena inakula wati 190 na inataka plagi ya pini 8.

Kwa nani basi inafaa? Nitamtaja mmoja bila kusita: mpiga video aliyenunua kompyuta yenye Core ya kizazi cha 12 au zaidi, na anayetumia kamera za kisasa za Sony au Canon. Kamera hizo hurekodi video ya HEVC ya 4:2:2 ya biti 10, ambayo kadi za NVIDIA zilizotangulia ukoo wa RTX 50 haziwezi kuifungua kwa chuma chake. Zinaiachia prosesa, na ndiyo maana mstari wa kuhariri unakwama kila ukiugusa. Arc inaifungua. Arc pia ndiyo iliyokuwa ya kwanza kati ya kadi za kawaida kufunga video ya AV1. Katika jambo hili aliyekuja mwisho aliwatangulia wenyeji. Ila kabla hujatoa pesa, fahamu kwamba grafiki zilizo ndani ya prosesa nyingi za Intel kuanzia kizazi cha 11 hufanya kazi hiyo ya 4:2:2 vile vile. Mwambie fundi aziwashe kwenye BIOS kwanza. Huenda ukaokoa gharama nzima ya kadi.

Mwanafunzi wa Masinde Muliro au wa chuo cha Sigalagala nimwambie tofauti. Programu nyingi za uhandisi, za kuchora kwa mwanga halisi na za kufunza mashine zimejengwa juu ya CUDA, ambayo ni ya NVIDIA peke yake. Blender inakubali Arc tangu 2022, lakini usichukulie kwamba programu ya kozi yako inaikubali. Muulize mhadhiri au soma mahitaji yake kabla ya kununua kadi ya AMD au Intel eti kwa sababu ina GB nyingi. Na kama unachora AutoCAD ya michoro bapa, weka pesa kwenye SSD na RAM, kadi ikae. Mwenye saiba ya kujazia watu fomu za HELB, KRA na eCitizen asisumbuke kusoma zaidi ya hapa, kadi ya grafiki haimhusu. Wenye laptopu nao hawana cha kubadilisha, kwani grafiki zao zimegandishwa kwenye madabodi.

Turudi kwa anayengoja. Kungoja kuna gharama, na gharama hiyo huhesabiwa kwa kazi. Kama mashine yako ya sasa inachukua usiku kucha kutoa video ya harusi, na Desemba iko mlangoni, kila kazi unayoikataa ni pesa unayomlipa mtengenezaji wa kadi ambayo bado haijafika. Andika kazi ulizokataa mwezi uliopita kwa sababu ya kuchelewa. Kama jumla yake inakaribia nusu ya bei ya kadi iliyo dukani, nunua iliyo dukani. Kama hukukataa hata moja, huna haraka, hata kama nafsi inakuambia unayo. Wala usitegemee kwamba kungoja kutashusha bei. Mwishoni mwa 2025 chipu za kumbukumbu zilipanda bei kwa kasi kwa sababu vituo vya akili unde vilikuwa vikizifagia, na Desemba ile Micron ikatangaza kwamba inaacha kuwauzia wateja wa kawaida kumbukumbu za Crucial. Kadi ya grafiki ni chipu moja iliyozungukwa na kumbukumbu. Zikipanda hizo, nayo inapanda.

Kwa aliye na Arc mawazoni kuna jambo la kupima zaidi. Septemba 2025 NVIDIA ilitangaza kuwekeza dola bilioni 5 katika Intel, na kwamba Intel itatengeneza prosesa zenye grafiki za RTX ndani yake. Intel haikusema inaiacha Arc. Hata hivyo kampuni iliyoiacha i740 na kuifuta Larrabee si kampuni ambayo ningeitegemea kwa draiva za miaka kumi. Miaka mitatu minne, sawa. Nunua kwa bei inayolingana na muda huo.

Wengi, mwishowe, watanunua kadi ya mkono wa pili, na sioni ubaya. Kadi iliyochimba Ethereum si lazima iwe mbovu. Mara nyingi kinachochoka ni feni na vile vipande laini vya kupitisha joto, na fundi mzuri hubadilisha vyote viwili. Ubaya ni jina la uongo. Kuna RX 580 iliyoandikwa 2048SP, iliyotolewa kwa soko la Uchina mwaka 2018, ambayo kwa kweli ni sawa na RX 570: viini 2,048 badala ya 2,304. Kuna mbaya zaidi, kadi za zamani kabisa kama GTS 450 zilizoandikwa upya BIOS zikajitangaza kuwa GTX 1050 Ti. Windows itaamini. Programu ya bure iitwayo GPU-Z haiamini. Huandika neno FAKE mbele ya jina la kadi. Iweke kwenye flashi na uende nayo dukani. Ukikuta "1050 Ti" yenye tundu la bluu la VGA mgongoni, shuku kabla hata hujaiwasha, kwa sababu chipu halisi haitoi ishara ya VGA.

Jaribio lenyewe lifanyike ukiwa umesimama hapo. Chomeka kadi kwenye mashine ya muuzaji au beba ya kwako, washa gemu nzito au programu ya kuipima, iache dakika ishirini. Tazama joto kwenye GPU-Z, sikiliza feni, angalia kama kuna vidoadoa vya rangi kwenye skrini. Muuzaji wa Nairobi ambaye huwezi kumfikia akutumie video fupi inayoonyesha namba ya kadi kwenye kibandiko na dirisha la GPU-Z katika picha moja isiyokatwa, na namba hiyo hiyo iandikwe kwenye risiti. Omba risiti ya eTIMS. Bila namba ya kadi kwenye risiti, ukirudi na kadi iliyokufa ataweza kusema siyo aliyokuuzia, na hutakuwa na la kujibu. Sheria ya kumlinda mtumiaji ya 2012 iko upande wako, lakini inahitaji karatasi.

Bado kuna mbingu ya Kakamega. Msimu wa mvua, alasiri nyingi hapa huja na radi, na stima hupotea na kurudi kwa kishindo mara mbili tatu ndani ya dakika chache. Kirudicho ndicho kiuacho. Kadi ya shilingi elfu arobaini isiyo na kinga ni kamari. Kile kifaa kinachouzwa kwa jina la fridge guard husaidia kwa kurudi kwa umeme, kwani husubiri kidogo mpaka utulie ndipo kiruhusu, lakini hakizuii radi. UPS ndogo ya kuhudumia kompyuta ya ofisi inaweza kuzima papo hapo kadi ya wati 190 ikiwa kazini, hivyo jumlisha wati za mashine nzima na monita kabla ya kuinunua. Mawingu yakifunga upande wa msitu, hifadhi kazi, zima, chomoa waya wa ukutani, na usisahau waya wa intaneti unaotoka nje kwenye nguzo, kwa sababu radi hupitia huo pia na kuingia kwenye madabodi. Mwenye kijumba cha gemu awe na swichi moja kuu iliyo karibu na mlango, na wateja waambiwe mapema kwamba ikizimwa kwa radi dakika zao zitafidiwa.